Mchawi wa Matembele

Masika ya Dar es Salaam hayana simile. Mwezi wa nne ule, matuta yetu ya mchicha huku Kinyerezi yalikuwa jioni yamenawiri, alfajiri yamebaki vijiti. Mwizi tulimjua: konokono. Tena hawa wetu wa Afrika Mashariki, gamba linajaa kiganja, mchana kajificha chini ya tofali, usiku anatoka na ukoo. Na ukoo wenyewe si mchezo, maana kila konokono ni dume na jike kwa pamoja, na akitaga anashusha mayai zaidi ya mia. Ukibakiza wawili, umebakiza kata nzima.

Mke wangu akasema tumwage chumvi. Nikakataa, chumvi ingeua konokono na udongo pia. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Morogoro kutusalimia (na anasalimia mpaka leo), akashauri majivu makavu kuzunguka tuta, baada ya kuwaokota wote usiku, maana mchana huwaoni.

Basi saa nane za usiku mvua ikakata, nikatoka. Joto lilikuwa la kunata, kwa hiyo nilijifunga msuli mweusi, kifua wazi. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi, kitochi nikakiuma kwa meno. Ndoo ilipojaa konokono, nikakosa cha kubebea majivu isipokuwa ungo wa mama mkwe, uliokuwa umeegemezwa mlango wa jikoni. Nikaupakia. Hatua mbili, upepo wa baada ya mvua ukanirudishia majivu yote mwilini, na mimi nilivyolowa jasho, yakashika vizuri.

Wakati huohuo mama wa nyumba ya pili alikuwa ametoka kuangalia ndoo zake alizokingia maji ya mvua. Akachungulia juu ya michongoma.

"Nani hapo?"

Kitochi mdomoni. Nikajibu, "Nngh! Mmhngh!" na kumpungia ungo ili ajue ni jirani.

Yowe alilopiga sijawahi kulisikia hata msibani. "Uwiii! Mchawi jamani! Ana ungo!"

Vijana wa ulinzi shirikishi, ambao siku ukiibiwa hufika kesho yake, walifika kabla sijatema kitochi. Marungu, filimbi, tochi usoni. Mmoja wao, kijana mwenye malezi, alinisalimia kwanza.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Mzee, samahani. Ulikuwa unapaa au ulikuwa unatua?"

Nikaanza kueleza habari za mchicha. Wakaniambia nifunue ndoo, waone vifaa. Nikafunua. Konokono walikuwa wamepanda hadi mdomoni mwa ndoo, pembe nje. Aliyekuwa na filimbi aliidondosha.

Hapo akatoka mama mkwe. Kusimama mbele ya mkwe kifua wazi, mweupe pe kwa majivu, ilikuwa aibu tosha, lakini nilishukuru, maana shahidi wangu kafika. Akamulika, akaona ungo.

"Haa! Kumbe ni wewe, baba? Ndiyo maana kila nikiamka nakuta ungo wangu umehamishwa!"

Watu walirudi nyuma kwa pamoja. Anayeuhamisha ni mwanangu, anaanikia vifuniko vya soda, lakini nani angenisikiliza?

Mjumbe alikuja asubuhi, akaona ute unavyong'aa kwenye matuta na majani yaliyotafunwa, akacheka mpaka akakaa chini. Kesi ikaisha. Kwa mjumbe.

Zamani majirani walikuwa wanajichumia matembele yetu bila hodi, hadi mke wangu analalamika. Sasa hakuna anayegusa hata jani. Juzi tukamtuma mtoto apeleke fungu la mchicha nyumba ya pili, kwa ujirani mwema. Akarudi nalo.

"Wamesema ahsante, wameshakula chakula cha usiku."

Ilikuwa saa nne asubuhi.