Mtoro wa kliniki ni mimi

Mimba yangu ya pili nilianza kliniki ikiwa na miezi saba. Nimesoma hadi chuo kikuu, naishi Tabata, kituo cha afya nakifikia kwa bajaji ndani ya dakika kumi, na bima ninayo. Nesi aliyenifungulia kadi alihesabu miezi, akaninyanyulia macho, akasema: "Na wewe mama, msomi mzima, unafanya kama watu wasiojua." Nikacheka kile kicheko cha kujifichia. Ningemjibu nini? Kwamba mara tatu nilishavaa nikatoka, na mara zote tatu nilipofika getini harufu ya dawa ya kudekia ikanipiga, miguu ikawa si yangu, nikamwambia dereva ageuze?

Mtoto wa kwanza nilijifungulia katika hospitali moja ya hapa hapa mjini, nayo siitaji. Saa nane usiku, leba imejaa, vitanda vingine tumelala wawili wawili. Nilipopiga kelele nilichapwa kofi la paja, kisha nikaulizwa lile swali ambalo nadhani wanawake wengi wa Dar waliozaa wanalijua: "Wakati unafanya starehe zako ulituita?" Wenzangu wawili wakacheka. Siwalaumu, walicheka ili zamu isiwafikie wao. Mtoto akatoka salama, kilo tatu na robo. Nyumbani watu wakaja na khanga, wakasema tumshukuru Mungu, mama mzima na mtoto mzima. Nami nikaitikia, maana hapakuwa na kidonda cha kumwonyesha mtu.

Tukisikia neno kiwewe tunawaza vita, au watu kama shemeji yangu wa Mbagala, ambaye tangu mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka Aprili 2009, mlango ukibamizwa tu yuko nje. Kiwewe cha hospitali hakina mshindo, kwa hiyo hata mwenyewe unachelewa kukitambua. Unajiona mvivu wa kliniki. Unajiambia kesho. Kumbe mwili una daftari lake: umeandika harufu, umeandika mlio wa vyuma kwenye sahani, umeandika rangi ya pazia. Ukikutana navyo tena, moyo unaanza kukimbia kabla akili haijaulizwa maoni yake.

Na si kukimbia tu. Wengine tunaganda. Hili ndilo ningependa madaktari walijue kuliko yote. Mtu aliyeganda ni mgonjwa mtulivu sana, anatazama ukutani na kuitikia kila kitu. "Umeelewa mama?" "Ndiyo." "Hizi asubuhi, hizi jioni." "Ndiyo." Akifika nje anamuuliza mwenzake wa kwenye benchi zile dawa zinamezwa vipi. Presha yake imepanda kwa sababu ya chumba, imeandikwa kwenye kadi kama ugonjwa. Akipotea, kwenye rejesta anaitwa mtoro.

Ndipo ninapogombana na wimbo wetu wa taifa wa pili, yaani "wananchi waelimishwe". Mama hakuja kliniki, aelimishwe. Dada hataki kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, aelimishwe. Elimu ni nzuri, sikatai, lakini mimi nilikuwa nayo hadi inamwagika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 nchini walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Leo hao ni akina mama watu wazima, wamekaa kwenye benchi zetu za kliniki. Mmoja wao anapoambiwa na mtu asiyemjua "vua, panda, tanua miguu", bila jina wala salamu, kipeperushi cha rangi kitamsaidia nini?

Kuna daktari wa Marekani, Vincent Felitti, aliyekuwa na kliniki ya watu wanene kule San Diego miaka ya 1980. Kilichomshangaza ni kwamba walioacha kuja walikuwa ni wale waliokuwa wanapungua vizuri. Hakuwaita wakaidi, aliwatafuta akawauliza. Wengi wakamsimulia waliyotendwa utotoni. Kutoka hapo ukazaliwa utafiti mkubwa aliouchapisha na mwenzake Robert Anda mwaka 1998, ulioonyesha namna mateso ya utotoni yanavyomfuata mtu hadi kwenye magonjwa ya moyo ukubwani. Mimi hupenda zaidi ile hatua ya mwanzo: mtu kuamua kumuuliza mtoro.

Sisi tunauliza pia, lakini tunaulizia wapi? Pale koridoni kuna sanduku la maoni, lina kufuli na vumbi. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali kubwa ya umma hapa Dar es Salaam. Wanawake walioulizwa saa 3 hadi 6 baada ya kujifungua, asilimia 15 walisema walitendewa vibaya. Walioulizwa wiki 4 hadi 6 baadaye, asilimia ikawa 70. Kundi la pili lilikuwa dogo zaidi, na hilo lisemwe. Lakini mimi siuoni ajabu mwachano huo. Ukiwa bado ndani, mtoto yuko mikononi mwao, na kadi iko mezani kwao. Nani atasema? Na mwili nao haujamaliza kuelewa kilichoupata. Mimi mwenyewe ningeulizwa asubuhi ile ningejibu "nimehudumiwa vizuri, asante sista", tena ningemaanisha.

Najua manesi watanisoma vibaya. Rafiki yangu mmoja ni mkunga. Kuna usiku amekuwa peke yake na mwenzake mmoja wodi nzima, mama akamfia mikononi saa tisa, saa kumi akawa anamsukumisha mwingine. Hakuna aliyemuuliza hali yake hadi leo. Aliniambia kwamba siku hizi anajikuta anafoka kabla hata hajakasirika. Huyo naye ana kiwewe, na kiwewe kimoja kikikutana na kingine kwenye chumba chenye joto, kofi liko karibu. Lakini yeye anavaa sare na mimi nimevuliwa nguo, hatuko sawa pale.

Turudi kwa ile mimba ya pili. Ziara ya pili nilimpata nesi mtu mzima, mwenye miwani ya kamba. Alinitajia jina lake. Akauliza: "Nikufunge mkono gani?" Hilo tu. Nikatoa wa kushoto. Akaniambia mkanda utabana kidogo, nikisema basi anaachia. Mlango akauacha wazi nusu, pazia likafunga kilichobaki. Presha iliyokuwa 150 wiki iliyopita ikasoma 124. Akaitazama kadi, akanitazama, akauliza taratibu, "Ile ya kwanza ilikuwaje?" Nililia hadi wa nje wakachungulia. Foleni yote ilisimama kama dakika nane hivi, nimewahi kusimamisha foleni ndefu zaidi kwenye benki.

Ziara ya tatu niliambiwa amebadilishiwa zamu, ataingia mchana. Nesi mwingine alikuwepo, kijana, mchangamfu, hana mtu mbele yake. Akaniita, "Karibu mama, huku hakuna foleni." Nikamshukuru, nikamwambia namsubiri mtu. Nilikaa pale tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane.