Kucheza bila balo, Bukavu na Ottawa

Ndugu zangu wa Bukavu, mashariki ya Kongo, na nyie wenzangu mlio huku nje, kuko jambo linanikaa rohoni tangu zamani na leo nalisema. Huku Kanada tunalea watoto wakae na balo, yaani mpira, mkononi saa zote, na kwetu kuko watoto ambao hawaipatagi hiyo balo hata siku moja, na pande zote mbili mtoto anapoteza. Nasema balo kwa sababu mimi ni mtu wa basketi, nimecheza tangu niko mdogo, mpaka leo nachezaga na wamama wenzangu jioni kwenye ukumbi wa shule, na mengi ninayoyajua ya kulea niliyapata kwenye tereni, pale uwanjani.

Angalieni hesabu. Mechi kwa sheria za FIBA, shirikisho la basketi la dunia, ni dakika 40, wachezaji ndani ni 10, balo ni 1. Hata mkigawana sawasawa kila mtu anakaa nayo dakika 4 tu, hizo 36 zingine zote uko bila balo. Sasa hizo 36 unafanya nini? Hapo njo mchezaji anajulikana. Unakimbia upande mwingine ili yule anayekulinda akufuate, fasi inafunguka, mwenzako anaingia. Ao unasimama njiani kwa yule anayemfukuza mwenzako, anakuja anakugonga kifua, mwenzako anapita, anatia, watu wanampigia yeye makofi na wewe unarudi mbio kwenye difensi kifua kinauma. Jina lako haliandikwi popote. Mwenye kujua mchezo tu ndiye ameona.

Kwetu tulijua hiyo mapema. Tereni moja watoto wengi, simenti imepasuka, panye, kile kikapu cha kutilia balo, haina wavu, mvua ikinyesha mnangoja ikauke. Ukiishika balo sana wakubwa wanakupigia kelele: "Weye! Peana balo! Uko peke yako hapa?" Na nyumbani ni vilevile, bugali na sombe, majani ya muhogo, kwenye sahani moja mikono mingi, bidoni ya maji unayobeba ni ya nyumba yote, mama jirani akikukuta barabarani saa ya masomo anakurudisha na hakuna anayemuuliza amepewa ruhusa na nani. Mtoto anakua akijua kwamba kuko wengine. Nikiwaangalia watoto waliokulia vile naona wanajua kutazama, wanaona nani amechoka, nani hajakula, na kitu hicho huku watu wanalipa pesa ili watoto wao wafundishwe.

Lakini nisidanganye juu ya kupenda kwetu. Sisi wasichana tulikuwa tunapata tereni wavulana wakishachoka. Jua la kwetu linaanguka saa kumi na mbili, mwaka mzima ni karibu ileile, na giza haliingii polepole, kwa hiyo kuanza saa kumi na moja na nusu maana yake unacheza nusu saa na dakika za mwisho panye unaisikia kuliko kuiona. Tulijifunza kucheza bila balo, ndiyo, lakini wengi wetu hatukuchagua, tulinyimwa tu, na watu walituita wenye nidhamu. Hizo ni vitu viwili tofauti kabisa. Yule anayetoa paasi kwa sababu ameona mwenzake yuko vizuri zaidi, na yule anayetoa paasi kwa sababu ameogopa kuonekana, kwa macho wanafanana, ndani hawafanani hata kidogo. Na nyumbani ilikuwa hivyo: mtoto haongei penye wakubwa, mpole haulizwi, msichana anajua kwamba swali lake litangoja. Wengine swali linangoja mpaka wanakuwa wamama.

Almonte, kamji kadogo ka Ontario kalikopakana na upande wetu wa Ottawa, kuko sanamu ya James Naismith, yule aliyeanzisha basketi, amekaa kwenye benchi na balo yake. Alizaliwa maeneo yale mwaka 1861, na Desemba 1891 akiwa mwalimu huko Springfield, Marekani, baridi imewafungia vijana ndani, akatundika vikapu viwili vya kuwekea matunda ya pichi kwenye ukuta wa roshani, mita 3.05 toka chini, na urefu huo haujabadilika mpaka leo. Aliandika sheria 13. Kati ya hizo kuko moja ambayo naipenda sana: mwenye balo haruhusiwi kukimbia nayo, lazima airushe palepale alipoishikia. Kudribla, yaani kwenda ukidundisha balo, kulikuja baadaye. Basi huu mchezo ulizaliwa ukiwa mchezo wa kutoa, ukishika unasimama na unatafuta mtu, na mimi kila nikifikiri hivyo naona wazee wa kwenye tereni ya Bukavu waliotupigia kelele walikuwa wanafundisha sheria ya mwanzo kabisa bila kuisoma popote.

Sasa njooni siku ya Jumamosi asubuhi kwenye mechi ya watoto huku. Ukumbi una joto, mbao zinang'aa, kila mtoto ana balo yake ya mazoezi, kocha anabadilisha wachezaji ili wote waingie, wasichana wana saa zao na hakuna anayezigusa, na hiyo nasema wazi, ningetamani kila mtoto wa Kadutu na wa Bagira, kule Bukavu, aipate. Lakini tazama kwenye viti. Wazazi wote simu juu, kila mmoja anarekodi wake tu. Niliona mtoto wa kwetu, ana kama miaka tisa, amekwama pembeni na watatu wamemzunguka, mwenzake yuko chini ya panye peke yake mikono yote miwili juu, na baba yake anapaza sauti "Tupa! Tupa weye mwenyewe!" Yule mtoto kabla ya kumtazama mwenzake alitazama kwanza kwenye viti. Akatupa, haikugusa hata chuma. Nje kwenye parkingi swali la kwanza la baba lilikuwa "umetia ngapi?"

Namwelewa yule baba, kweli namwelewa. Ameacha kila kitu, anafanya kazi za usiku, anataka mtoto afike mbali na anasikia habari za Jonathan Kuminga aliyezaliwa Goma na za Bismack Biyombo aliyezaliwa Lubumbashi, wote wawili walichaguliwa nafasi ya 7 kuingia NBA, ligi kubwa ya basketi ya Marekani, Biyombo 2011 na Kuminga 2021. Lakini baba, Biyombo alikula mkate wake miaka yote hiyo kwa kazi gani? Kuzuia, kuchukua balo zilizokosa panye, kuwafungulia wengine njia. Na mkubwa wao wote, marehemu Dikembe Mutombo, aliyetutoka tarehe 30 Septemba 2024, dunia ilimjua kwa kile kidole chake cha kukataza baada ya kuzuia, alizuia mara 3,289 na ni Hakeem Olajuwon tu anayempita, mara 4 akapewa tuzo ya mlinzi bora. Wana Kongo hao waliheshimika kwa zile dakika 36. Na Mutombo alipopata pesa alijenga hospitali Kinshasa na kuipa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ikafunguliwa 2007, na Biyombo naye alitoa mshahara wake wa msimu mzima kwa ajili ya hospitali kwa kumbukumbu ya baba yake. Sioni kama ni bahati tu. Mtu anayetazama wenzake uwanjani atawatazama na nje.

Kuandika nako kulinionyesha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Naandikaga hadithi fupi kwa Kiswahili, usiku watoto wakishalala, na kitu kigumu kuliko vyote ni kuacha mhusika aongee mwenyewe, juu mwandishi naye anapenda kukaa na balo kila ukurasa, anaeleza, anahukumu, anamaliza maneno ya watu wake. Hadithi inaanza kupumua siku unapompa mama muuza mkaa nafasi ya kusema jambo ambalo wewe hukulipanga.

Na hapa lazima niseme juu ya masomo ya kwetu. Tulikuwa na redaksio, somo la kuandika insha, mwalimu anaandika mfano ubaoni, likizo kwa mjomba kijijini, na kalasi nzima tunaenda kwa mjomba kijijini. Rafiki yangu mmoja likizo yote alikuwa sokoni na mama yake wakiuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Alijua sambaza ya usiku na ya jana kwa kunusa tu, alijua kumjibu mteja anayeshusha bei bila kumkasirisha, alijua kikombe cha kupimia kinajazwaje mpaka juu na mkono unakilinda vipi. Akaandika juu ya ng'ombe wa mjomba. Alipata pointi nzuri. Nani pale Bukavu angeandika soko vizuri kuliko yeye? Hakuna mtu aliyemtupia balo, njo hivyo.

Huku mwalimu anampa binti yangu karatasi nyeupe na kumwambia andika unachotaka. Akaandika juu ya koko yake, yaani bibi yake, mama yangu, ambaye bado hawajaonana kwa macho: koko anapanda treni kwenda ku ziwa kununua samaki. Bukavu haina treni, haijawahi kuwa nayo. Biki nyekundu nilikuwa nayo karibu na mkono ulitaka kweli, nikauacha utulie. Siku kadhaa zikapita akaja mwenyewe: "Mama, koko anapitaga wapi kufika ku ziwa?" Tukapiga simu. Mama akaanza kueleza toka mlangoni pake Kadutu, ile njia inayoshuka, matope mvua ikishanyesha, fasi ya kupumzika, mama fulani anayeuza ndizi anayemwita kila mara, na mtoto anaandika mbio mbio, anamwambia "koko, ngoja, ngoja kwanza." Saa nzima. Mimi kwenye hayo maongezi sikuwa na balo hata dakika moja, nilishikilia simu tu. Treni imetoka kwenye hadithi, ameitoa yeye.

Kwa hiyo wazazi wa huku, nawaomba, mechi ikiisha msiulize umetia ngapi. Ulizeni nani alikupa paasi nzuri leo, na wewe ulimfungulia nani njia. Mara ya kwanza mtoto hatakuwa na jibu. Juma linalofuata atakuwa ametazama.

Na nyie wa kwetu, najua siwezi kuongea kana kwamba mambo ni ya kawaida, waasi wa M23 waliuteka mji Februari 2025, mabenki yalifunga, mama ananiambia jioni wazazi hawapendi watoto wakae nje. Njo maana saa ya wasichana haiwezi kuwa jioni tena, ilikuwa vibaya zamani na sasa ni vibaya zaidi. Mdogo wangu anafundisha watoto wa kartie basketi, nimemtafutia balo za watoto, saizi 5, zitatoka huku bila hewa pamoja na pompi, zipitie Rwanda, Kigali na Kamembe, hadi kwenye mpaka wa Ruzizi. Nimemwandikia kwamba naomba jambo moja tu, wasichana waanze saa tisa na wavulana wafuate. Amejibu kwamba wavulana watalalamika. Nimemwambia awafundishe kungoja, na wakati wanangoja wasimame pembeni ya tereni wahesabu paasi.