Aliyemsahau mtoto garini ahukumiwe vipi?

Kila mwaka Marekani hufa watoto wapatao 37 kwa joto la ndani ya gari. Ndiyo wastani tangu 1998, na zaidi kidogo ya nusu yao walisahauliwa na mtu mzima. Kelele zinazofuata ni zilezile: mtoto si mwavuli, mzazi anayempenda hawezi kumsahau, afungwe. Hasira hiyo naielewa, ila inadhani kumbukumbu hufuata mapenzi.

David Diamond, mtaalamu wa ubongo wa Chuo Kikuu cha South Florida, amechunguza kesi hizi miaka mingi. Anasema sehemu ya ubongo inayoendesha mazoea huweza kuifunika ile inayoshika mpango wa leo. Siku zote mama ndiye hupeleka mtoto. Leo ni zamu ya baba. Mtoto kalala kiti cha nyuma, kimya. Njia panda, kushoto chekechea, kulia kazini, na mikono inakata kulia yenyewe. Wapo walioenda jioni kumchukua mtoto ambaye hawakumfikisha. (Mimi Jumamosi moja nilitumwa nazi, nikashtukia niko geti la ofisini.)

Hata kukaa nyuma kulianza kwa nia njema: miaka ya 1990 mifuko ya hewa ya mbele (airbag), inayofumuka gari likigonga, iliua watoto, wakahamishwa mbali na jicho la dereva.

Lakini utetezi huu usimfunike kila mtu. Anayemwacha mtoto akijua, eti anaingia dukani mara moja, hakusahau. Dakika 10 juani hupandisha joto la ndani nyuzi 10 hivi. Na Qatar, Septemba 2022, mtoto wa miaka minne alisinzia kwenye basi la chekechea, likafungwa naye ndani, akafa. Hapo sisingizii ubongo. Kukagua viti mpaka cha mwisho ni kazi ya wenye basi, na mazoea hayohayo yangemwokoa.

Italia ilitunga sheria mwaka 2018: kiti cha mtoto wa chini ya miaka 4 kiwe na kifaa cha kumshtua dereva. Wanaopinga wanasema betri huisha na mzazi hubweteka. Kweli, ila hofu ya jela nayo haimkumbushi mtu asiyejua kwamba kasahau. Ningeanza na kisicho na gharama: kitambulisho cha kazi kikae kando ya mtoto. Mlinzi wa getini atakurudisha kwenye gari.