Hamburg Hakuna Konda

Siku ya tano tangu niwasili Hamburg, mwezi Novemba 2019, nilipanda treni ya mjini nikiwa nimeshika sarafu za nauli mkononi, nikasubiri mtu wa kuja kuzichukua. Kituoni hapakuwa na geti wala mlinzi, na milango ya behewa ilimfungukia kila mtu. Kwa mtoto wa Kirumba, Mwanza, aliyepanda daladala za Nyegezi tangu akiwa shule ya msingi, maana yake ilikuwa moja tu, kwamba nauli hulipwa ndani. Baada ya vituo vinne walikuja wanaume wawili waliovaa nguo za kawaida, nami nikawanyoshea sarafu zangu kwa furaha ya mtu anayetimiza wajibu wake. Sarafu hawakuzipokea. Nilitozwa faini ya euro 60, na kwa miezi mingi sikumsimulia mama, kwa sababu nilijua angesikia neno faini na kudhani binti yake ameiba.

Ndugu zangu wa Mwanza wanaponiuliza habari za huku, huanza na baridi, kisha lugha, kisha huuliza kama watu wanatubagua. Yote matatu yapo, na la tatu linauma kuliko mawili ya mwanzo. Hata hivyo, nikizihesabu siku nilizorudi chumbani nikilia katika mwaka wa kwanza, nyingi zilitokana na jambo ambalo sikuwahi kulisikia likitajwa na waliotutangulia: kila mji una mambo ambayo wenyeji hawayasemi, kwa kuwa kwao yako wazi kama mchana, na mgeni huyajua kwa kuyakosea. Mwanza nayo inayo, ila Mwanza ina vinywa. Konda anadai nauli mwenyewe, anakumbuka ulipandia wapi, na ukimwambia unashukia Mkuyuni, hata akisahau yeye, abiria wa kiti cha nyuma atapaza sauti kwa niaba yako. Mpigadebe wa stendi anakushika mkono kabla hujauliza lolote. Mama lishe anayekuambia kwamba sato amekwisha, sangara yupo, ndiye huyo huyo atakayekueleza kwamba ofisi unayoitafuta ilihamia barabara ya pili. Nikiwa msichana vinywa hivyo vilinichosha, nikatamani mji ambao mtu hukaa kimya na kukuacha uende zako. Niliupata, na gharama yake nikaijua.

Hamburg mambo yameandikwa. Yameandikwa kwenye mabango, kwenye mikataba, kwenye vibandiko vya mapipa ya taka, na mji unachukulia kwamba umeyasoma yote kabla hujafungua mlango wako asubuhi. Kosa hutangulia, maelezo hufuata, na maelezo huja kwa barua.

Mkasa ulionigharimu zaidi ulikuwa wa saa. Msimamizi wa makao ya wazee nilikoajiriwa alinipigia simu jioni ya kuamkia siku yangu ya kwanza ya kazi, akaniambia nifike halb acht. Maneno yote mawili niliyajua: la kwanza ni nusu, la pili ni nane. Nikafanya hesabu ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili huifanya anapotajiwa saa ya Kizungu, nikaondoa sita, nane ikawa mbili, nikaongeza nusu, nikalala nikijua kwamba ninatakiwa saa mbili na nusu asubuhi. Nilifika saa mbili na robo, nikijipongeza kwa kuwahi. Kumbe Wajerumani huihesabu nusu saa kwa kutazama mbele. Kwao hiyo ni nusu ya kuiendea nane, yaani saa moja na nusu yetu, na watu walikuwa wamenisubiri dakika 45. Hakuna aliyenikaripia. Msimamizi alitazama saa ya ukutani, akaandika kitu kwenye daftari, na ule ukimya wake ulinichoma kuliko makaripio yote niliyowahi kuyapata nyumbani, kwa sababu mtu anayekaripiwa hupewa nafasi ya kujieleza.

Mkasa wa pili wa saa ungeweza kuwa mbaya zaidi. Nikiwa nimechoka, siku ya sita ya zamu mfululizo, niliandika kwenye kumbukumbu za mzee mmoja kwamba amekunywa dawa ya maumivu 3:00. Nilimaanisha saa tatu asubuhi, na mkono uliandika kama kichwa kilivyofikiri. Huku huandika saa kwa hesabu ya 24, kwa hiyo muuguzi wa zamu iliyofuata alisoma kwamba dawa ilitolewa usiku wa manane, na kwamba muda wa kutoa nyingine ulikuwa umekwisha kufika. Muuguzi huyo aliingiwa na shaka, akanipigia simu nikiwa kwenye treni kabla hajampa mzee chochote. Ninamshukuru hadi leo. Tangu siku hiyo, ninapovaa sare ya kazi, saa ya Kiswahili ninaiacha nyumbani, na kufanya hivyo kunanigharimu, kwa kuwa mimi huhesabu na kusali kwa Kiswahili.

Hapa niseme jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipoondoka. Saa yetu haina kosa. Ni saa ya mahali pake. Mwanza ipo takriban nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta, na mwaka mzima jua huchomoza na kuzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi, asubuhi na jioni, kwa hiyo kuhesabu saa kuanzia mapambazuko ni jambo la akili, na mtoto asiyejua kusoma anaweza kuisoma saa angani. Hamburg ipo zaidi ya nyuzi 53 kaskazini. Mwishoni mwa Desemba jua hutoka baada ya saa mbili na nusu asubuhi na kutoweka saa kumi jioni; mwezi Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na saa tatu na nusu usiku, ninapofunga mapazia ya vyumba vya wazee ili walale, bado linamulika ukutani. Neno usiku linakosa pa kusimama. Mji wa namna hiyo hauna budi kuitegemea saa ya ukutani, kwani jua lake haliaminiki, na nadhani ndiyo sababu mojawapo watu wake huichukulia saa kwa uzito ambao sisi huona umezidi.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Kalenda ya nyumba yetu ilikuwa mwezi: wakati wa giza, karabai zinapowavuta dagaa juu, alishinda ziwani usiku kucha na fedha ikaingia, wakati wa mbalamwezi mitumbwi ilipumzika, nyavu zikashonwa, na hata karo ya shule ilisubiri giza lirudi. Sikuona hata siku moja baba akitazama saa ya mkononi, wala sikumwona akichelewa. Ninapomsikia Mtanzania mwenzangu huku akisema kwamba sisi hatujui kutunza wakati, moyo hunikataa. Tulitunza wakati wa aina nyingine.

Ila haki inanitaka niseme na upande wa pili. Mwaka 2023 mwenzangu wa kazini, Mjerumani, alisafiri kwenda Mwanza akiwa na anwani za ndugu zangu mfukoni. Alitaka kuendelea Dodoma kwa basi, akakata tiketi iliyoandikwa saa 12:00 asubuhi, akasoma tarakimu, akafika stendi ya Nyegezi saa tano kasorobo akiwa na furaha ya kuwahi, kama mimi siku ile. Basi lilikuwa limeondoka asubuhi ile, karibu muda wa saa tano kabla hajafika. Vinywa vya Mwanza vilimwokoa, kwa maana watu kumi walimzunguka, mmoja akampigia simu shangazi yangu, na jioni alikuwa amekaa Kirumba akila ugali kwa sangara. Lakini vinywa hivyo vilikuja baada ya kosa, na tiketi yenyewe haikumwambia lolote. Sioni kwa nini tiketi ya basi katika jiji linalopokea wageni wa kila namna isichapishwe saa zote mbili, ya Kiswahili na ya hesabu ya 24. Tunapojisifu kwa ukarimu, tukumbuke kwamba mgeni asiye na shangazi Kirumba anapotea Mwanza kama mimi nilivyopotea Hamburg.

Kuhusu heshima nilikosea pia, na kosa hili lilinisikitisha kwa namna nyingine. Katika wiki yangu ya pili nilimwita mama mmoja mwenye umri wa miaka 91 kwa neno lao la bibi, Oma. Kwangu hiyo ilikuwa shikamoo. Sikuwa na neno la juu zaidi la kumpa. Msimamizi aliniita pembeni na kunieleza kwamba wakazi wote huitwa kwa jina la ukoo, likitanguliwa na Frau au Herr, yaani Bi. au Bw., kwa kuwa bibi ni bibi wa wajukuu wake tu, na mfanyakazi anayemwita hivyo amemvua utu uzima wake na kumfanya kitu cha kulelewa. Nilitii papo hapo. Nimejifunza kuuona utu uliomo katika umbali huo, na ninakiri kwamba baadhi ya wazee wetu nyumbani, wanaoitwa bibi na babu na kila mpita njia, huamuliwa mambo yao bila kuulizwa. Hata hivyo yule mama, wiki chache kabla hajafariki, aliniomba mwenyewe nimwite Oma tukiwa wawili. Nilimwita.

Sasa nieleze habari ya dagaa, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha mawazo yangu kuhusu watu wa huku. Mama alinitumia dagaa wa soko la Mwaloni kwa mkono wa mtu aliyekuwa anakuja, nami nikawakaanga Jumapili moja mchana, madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya baridi. Kesho yake karatasi ilibandikwa chini kwenye ngazi za jengo. Nilipita mbele yake kwa siku kumi na mbili. Nilidhani ni habari za mapipa ya taka, na Kijerumani cha kuandikwa kilikuwa bado kinanitisha. Jumapili iliyofuata siku hizo nikakaanga tena. Karatasi ya pili ilikuwa na mstari mwekundu, na hiyo niliisoma kwa kamusi: jirani alikuwa anawaomba wakazi wote, bila kumtaja yeyote, wafungue madirisha wanapopika samaki.

Damu ilinichemka. Kwetu mtu aliyeudhika na moshi wa jirani anapiga hodi, anaketi, anazungumza habari za mvua na za watoto, na akisimama kuondoka ndipo anapotaja moshi. Kumbandikia mtu karatasi ngazini, mbele ya watu, ni kutangaza ugomvi. Nilipiga hodi. Alifungua mzee mmoja mwembamba aliyeona haya hata masikio yakawa mekundu, na kwa Kijerumani cha pole pole, alichokipunguza kwa ajili yangu, akanieleza kwamba aliandika bila jina makusudi, ili asiniaibishe. Kuja mlangoni kwangu na kunisema uso kwa uso, kwake, ndiko kungekuwa ukali. Tulisimama pale kila mmoja akiwa amemkosea mwenzake kwa adabu. Alichokifanya kilikuwa ustaarabu, na nilichokifanya kilikuwa ustaarabu, na tungeweza kuishi ukuta kwa ukuta miaka kumi tukichukiana.

Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wenzangu wanaosema Wajerumani hawana utu. Siwakubali pia wale wanaorudi Mwanza likizo na kukaa Capri Point, mtaa wa wenye nazo, wakilalamika kwamba nyumbani hakuna utaratibu. Wote wawili wamesoma mji mmoja kwa alfabeti ya mwingine, na wamekasirika kwamba haisomeki.

Lipo jambo moja dogo ambalo ningetamani kila anayekuja huku aambiwe kabla hajafunga begi. Katika majengo ya Ujerumani vyumba kwa kawaida havina namba ya kuandika kwenye barua. Mtu wa posta hutafuta jina la ukoo kwenye sanduku la barua na kwenye kengele, na asipoliona, barua inarudi ilikotoka. Mimi nilitoka mahali ambapo barua huja kwa S.L.P. ya shule au ya kanisa. Sikujua kwamba mlango wangu unatakiwa kuwa na jina. Kadi yangu ya benki ilirudishwa, barua ya namba ya siri ikarudishwa, na kwa karibu mwezi mzima niliishi kwa kukopa kutoka kwa Mkongo mmoja tuliyesoma naye lugha, nikiamini kwamba benki imenikataa kwa sababu ya nchi ninayotoka. Kibandiko cha senti chache kingetosha.

Mwezi uliopita alifika binti kutoka Musoma, anayeanza mafunzo ya uuguzi. Nilimpokea kituoni jioni, tukakata tiketi kwenye mashine huku nikimweleza kila kitufe kwa sauti, kama konda, na watu wakitugeukia. Tulipofika kwake hatukupandisha mabegi kwanza. Nilitoa kalamu na kibandiko mfukoni, akaandika jina la ukoo wake kwa herufi kubwa, tukalibandika kwenye sanduku, kisha tukabandika lingine kwenye kengele. Akaibonyeza mara moja ili asikie kama inalia.