Programu za SEO hazihesabu wageni wako
Malalamiko haya yanajulikana. Mwenye tovuti anafungua Search Console, zana ya Google inayomwonyesha mibofyo aliyoipata kutoka kwenye matokeo ya utafutaji, na kukuta mibofyo 9,000 ya mwezi. Akiitafuta tovuti hiyohiyo kwenye Ahrefs au Semrush, programu za SEO (kazi ya kuifanya tovuti ionekane juu kwenye matokeo ya utafutaji), anaonyeshwa 3,000. Papo hapo anaamua kwamba programu hizi ni za uongo. Naona zinaonewa, kwa sababu hakuna hata moja inayojua nani ameingia kwenye tovuti ya mtu mwingine.

Zinachofanya ni kuzidisha. Zina orodha kubwa ya maneno yanayotafutwa, na kwa kila neno zinapitia matokeo ya Google na kurekodi tovuti ipi imeshika nafasi ipi. Tuseme neno linatafutwa mara 1,000 kwa mwezi, wewe uko nafasi ya tatu, na programu inachukulia kwamba watu 10 kati ya 100 hubofya nafasi hiyo. Unaandikiwa wageni 100. Wakijumlishwa wa maneno yote, ndiyo trafiki yako.

Wingi wa utafutaji nao ni kadirio. Keyword Planner ya Google, ambayo ni chanzo kimojawapo, ilitengenezwa kwa ajili ya watangazaji na huyaweka maneno yanayokaribiana kwenye fungu moja. Kiwango cha kubofya hakitulii pia: matangazo yakijaa juu ya ukurasa, au jibu la akili mnemba likitangulia, nafasi ya tatu ya leo si ile ya mwaka jana.

Lakini takwimu inayoeleza mengi kuliko zote ni hii: kwa miaka mingi Google imesema kwamba asilimia 15 hivi ya utafutaji wa kila siku haijawahi kuonekana kabla. Hakuna orodha inayoweza kuwa na swali ambalo jana halikuwapo. Ongeza maswali marefu yanayoulizwa mara mbili tatu kwa mwezi, kila mtu kwa maneno yake. Mengi hayamo kwenye orodha, na yaliyomo huandikiwa sifuri. Tovuti inayoeleza namna ya kuondoa kosa fulani kwenye printa ya aina fulani huishi kwa maswali hayo hasa. Wageni 6,000 wanaokosekana katika mfano wetu wanaweza kuwa wamepitia huko. Tovuti inayoshika maneno mafupi yenye watafutaji wengi, kinyume chake, inaweza kukadiriwa kupita kiasi, maana wengi husoma jibu kwenye matokeo na kuondoka bila kubofya.

Hata hivyo, kosa linaloegemea upande unaojulikana linasomeka. Ukizipima tovuti mbili za aina moja kwa programu moja, upungufu unazigusa zote mbili. Mstari wa trafiki wa tovuti moja ukishuka nusu ndani ya mwezi na wa nyingine ukabaki palepale, kuna nafasi zimepotea, na washindani hawatakufungulia Search Console yao ili uone.

Upande wa pili una hoja moja nzito. Kadirio hilo huchapishwa hadi tarakimu ya mwisho, 3,127, kana kwamba kuna aliyehesabu. Watu hununua tovuti na nafasi za matangazo kwa kutazama namba hiyo, na anayeishi kwa maswali marefu anapunjwa bei. Hapa lawama ni ya haki: programu zingeonyesha kiwango cha chini na cha juu, na mnunuzi angejua anashika nini.

Kwa sasa, anayenunua tovuti aombe ruhusa ya kusoma Search Console. Muuzaji anaweza kuitoa bila kukabidhi nywila, na humo mna kumbukumbu za miezi 16. Google huficha maneno yanayotafutwa na watu wachache mno ili kulinda faragha, ila mibofyo yake imo kwenye jumla.