Tusiuziane Kilimanjaro ya siku tano

Kila inapokaribia Disemba, matangazo hujaa kwenye magrupu ya WhatsApp: Siku ya Uhuru ikukute kileleni, siku tano tu, bei ya Mtanzania. Nafurahi kutoka moyoni nikiona Watanzania tunaupanda mlima wetu, maana kwa miaka mingi tuliwaachia wageni. Kinachoniumiza ni hizo siku tano. Nasema wazi: ni chache mno kwa mlima wa mita 5,895, na anayekuuzia kilele kwa siku hizo anakuuzia hatari kwa bei ya punguzo.

Chukua njia ya Marangu, ndiyo inayouzwa hivyo mara nyingi. Usiku wa kwanza unalala kwenye vibanda vya Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, karibu 4,700, na hapo hulali hasa. Unajilaza jioni, saa tano usiku unaamshwa, saa sita mnaanza kukwea. Ukifika kilele cha Uhuru asubuhi, hata saa 72 hazijatimia tangu ulipoandika jina lako getini. Madaktari wa mambo ya milima wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Marangu ya siku tano inakupandisha mita 1,000 usiku kwa usiku, mfululizo.

Kule juu hewa ni nyepesi kiasi kwamba pumzi moja inakupa karibu nusu ya oksijeni unayoivuta ukiwa ufukweni Kigamboni. Mwili unaweza kuzoea hali hiyo, ila una ratiba yake. Kwanza unapumua kwa kasi na kwa kina zaidi. Kisha figo zinaanza kuirekebisha damu ili kupumua huko kuendelee hata usingizini, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Mazoezi ya gym hayaiharakishi. Watu hawaliamini hili mpaka walione: kijana anayekimbia kila asubuhi amejikunyata Horombo akishika kichwa, huku shangazi mwenye miaka hamsini na ushee anaomba aongezewe supu. Nguvu zake kijana zimemponza, kwa sababu miguu ilimruhusu kwenda haraka kuliko damu yake. Zipo dawa zinazosaidia, asetazolamidi ndiyo inayojulikana zaidi, na ni vizuri kuzungumza na daktari kabla ya safari. Lakini hakuna kidonge kinachochukua nafasi ya usiku wa ziada.

Hata waliofika kileleni mara ya kwanza walifika kwa kuwa na siku. Mjerumani Hans Meyer alijaribu mwaka 1887 akashindwa. Aliporudi mwaka 1889 na Ludwig Purtscheller alikuwa amebadili mpango: aliweka kambi kadhaa mlimani, na wapagazi wakawa wanawapandishia chakula ili wasilazimike kushuka mapema. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta, wakaona sehemu ya juu kabisa ingali mbali na wao wamechoka, wakarudi. Wakapumzika. Tarehe 6 wakafika. Yohani Kinyala Lauwo, anayekumbukwa kama mwongozaji wa safari ile, alikuwa mtu wa Marangu, na chakula kilichowawezesha wale wawili kusubiri kilipanda migongoni na vichwani mwa Waafrika. Sijui kwa nini leo, tukiwa na mahema bora na makoti mazito, tunadhani tunaweza kufanya kwa pupa walichokifanya wao kwa subira.

Ndiyo maana rafiki zangu nawashauri waende na mahema, Machame kwa siku saba au Lemosho kwa siku nane. Njia ya Machame inakufundisha jambo moja siku ya tatu. Kutoka Shira mnapanda taratibu mpaka kwenye mwamba wa Lava Tower, karibu mita 4,600, mnakula chakula cha mchana pale upepo ukiwapiga, halafu mnateremka mpaka Barranco, chini kidogo ya mita 4,000, kulala. Wengi hulalamika: tumehangaika kote huku, sasa tunashuka? Ndiyo kazi ya siku ile. Mwili umeonjeshwa urefu, kisha umepewa usiku wa kupumua.

Tofauti kati ya Machame ya siku sita na ya siku saba ni usiku mmoja tu wa kulala kambi ya Karanga. Ukiuruka, siku hiyo hiyo unapanda ukuta wa Barranco, unapita bonde la Karanga, unaendelea mpaka Barafu, kambi ya mwisho, unafika alasiri ukiwa hoi, na usiku wa manane unaanza kupanda kilele. Ukilala Karanga, unafika Barafu mapema, unakula, unalala, unapanga soksi zako kwa utulivu. Kambi ya Barafu haina maji. Kila kikombe cha chai unachokunywa pale kimebebwa kutoka Karanga, na aliyekibeba amepita njia uliyopita wewe.

Usiku wa mwisho mwongozaji anayeijua kazi yake atakuambia uiweke chupa ya maji kichwa chini ndani ya begi, kwa sababu maji huanza kuganda juu na mfuniko ndio unaoziba kwanza. Na kila jioni kabla ya hapo ameingia hema la chakula na kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Anakuambia ushike kwanza kikombe cha moto, kwa kuwa kidole chenye baridi kinatoa namba ya uongo. Anaandika namba yako. Lakini zaidi ya namba anakutazama wewe. Chakula umekimaliza au unakichezea na kijiko? Umekojoa? Kichwa kinasemaje? Akitia shaka anakusimamisha nje utembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole gumba. Ukiyumba kama mlevi, huenda ubongo umeanza kuvimba. Ukihema hali umekaa tu, na unakohoa makohozi yenye povu, ni mapafu. Katika hali zote mbili jibu ni kushuka, saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku na kesho ndiyo Siku ya Uhuru. Oksijeni ya mtungi na sindano ni vya kukusaidia ushuke salama, si vya kukusaidia uendelee kupanda.

Hapo ndipo siku tano zinapomfunga mikono mwongozaji. Mtu mwenye maumivu ya kichwa ya kawaida mara nyingi anachohitaji ni kubaki alipo siku moja zaidi, kesho yake yuko sawa. Ratiba fupi haina siku hiyo. Mwongozaji amebakiwa na kukurudisha nyumbani, jambo utakalomchukia, au kukusogeza mbele, jambo linaloweza kukuua. Na mteja aliyelipia kilele anamsukuma kwenye hilo la pili.

Kisha wapo wagumu, wapagazi wanavyojiita wenyewe mlimani. Asubuhi unawaacha wakikunja mahema. Saa moja baadaye wanakupita mzigo ukiwa kichwani na begi lao mgongoni, na ukifika kambini hema lako limesimama, maji ya kunawa yako kwenye beseni. Mzigo wao hupimwa getini na hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20. Mzani ule, hata hivyo, haupimi viatu vyao, wala kama jana usiku walikula wakashiba. Viingilio vya hifadhi hutozwa kwa siku, na gesi na usafiri navyo vina bei yake. Kampuni inayotangaza bei ya kutupa itapunguza wapi? Itapunguza siku, na itapunguza watu: wagumu wachache, mlo mmoja wa ugali, hema linalovuja, malipo ya kuambiwa njoo kesho. Mradi wa Kilimanjaro Porters Assistance Project umekuwa ukiwaazima wagumu nguo za baridi na kufuatilia kampuni zinavyowatendea tangu mwaka 2003, na nashukuru upo, lakini kazi hiyo inapaswa kuanzia kwetu tunaolipa. Mgumu hulipwa kwa siku. Siku unayoiongeza kwa ajili ya mapafu yako ni siku ya mshahara kwake.

Najua likizo ni fupi na hela ni za kubana. Lakini Mtanzania analipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni, kwa hiyo siku moja ya ziada haimgharimu kama inavyomgharimu mtu wa Ulaya. Ukipenda Marangu, nenda siku sita: lala Horombo mara mbili, na siku ya katikati tembea mpaka kwenye yale mawe ya milia na urudi. Ukiwa na siku nne tu, nenda Mlima Meru, mita 4,566, ambako askari mwenye bunduki anawatangulia kwa sababu ya nyati na hamlali juu ya mita 3,600. Kwa KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, naomba jambo moja: ratiba ya siku tano ya kwenda kileleni isiruhusiwe tena, siku sita ziwe za chini kabisa Marangu na saba kwa wanaokwenda na mahema Machame.

Mpaka sheria hiyo ije, kabla hujalipia Disemba hii piga simu kwenye kampuni uulize: mwongozaji ni nani na amesomea huduma ya kwanza wapi, mtungi wa oksijeni upo, wagumu ni wangapi na wanalipwa lini. Halafu uliza watafanya nini kichwa kikikuuma Horombo. Wakikujibu kwamba mtaendelea tu kwa kuwa ratiba haina nafasi, usilipe, tafuta kampuni nyingine.