Nyembe kwenye nywele za Pam Grier

Katika filamu ya Coffy ya mwaka 1973 kuna ugomvi wa wanawake kwenye sherehe. Mmoja anamkamata nywele Pam Grier, mwigizaji mweusi anayecheza kama Coffy, ile afro kubwa ya miaka ya sabini, kisha anautoa mkono ukichuruzika damu. Coffy ni nesi aliyejipenyeza kwa wauza unga ili alipize kisasi cha mdogo wake, na alikuwa ameficha nyembe ndani ya nywele. Lakini katika ugomvi huohuo magauni yanachanika, vifua vinabaki wazi, na kamera haina haraka ya kuondoka.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi, maana ubishi wote juu ya sinema za bei chee za Marekani umo humo. Wanaozipenda hutaja nyembe, wanaozichukia hutaja magauni. Mimi naona vyote viwili vilitoka mfuko mmoja, na mfuko wenyewe ni biashara ya draivu-in, sinema za uwanjani zinazotazamwa ukiwa ndani ya gari.

Ya kwanza ilifunguliwa na Richard Hollingshead huko New Jersey, Juni 1933. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 Marekani nzima zilikuwa zaidi ya 4,000. Familia inaegesha gari mbele ya turubai, kispika kinatundikwa dirishani, watoto wako kiti cha nyuma na nguo zao za kulalia. Giza likiingia, zinaonyeshwa filamu mbili kwa kiingilio kimoja, katikati kukiwa na mapumziko ya soda na soseji. Dar es Salaam nayo ilipata ya kwake mwaka 1966, pale Msasani ulipo sasa Ubalozi wa Marekani, na hadi leo wapo wanaokuelekeza njia kwa kusema "pale Drive-In".

Tabu ya wenye viwanja ilikuwa filamu zenyewe. Studio kubwa zilipeleka kazi zao mpya kwenye majumba ya mjini, huku viwanjani yakifika makombo. American International Pictures, kampuni ya James Nicholson na Samuel Arkoff iliyoanza mwaka 1954, ikaliona pengo hilo na kuleta filamu mbili mpya kwa mkupuo mmoja. Mara nyingi jina na bango vilitangulia. Bango likionekana litauza, ndipo hadithi inatafutwa. Mteja waliyemlenga alikuwa kijana wa kiume wa miaka 19. Coffy ni filamu ya kampuni hiyohiyo, kwa hiyo anayeuliza kwa nini kamera inaganda pale inapoganda, jibu lake liko kwa mteja huyo.

Sinema hizi huitwa za eksploitesheni. Katika biashara ya filamu, neno hilo mwanzoni lilihusu kuitangaza picha kwa mbwembwe. Sisi tuliolisikia neno unyonyaji tangu utotoni tunapata maana nzito zaidi, na hata Marekani walikuwepo walioilalamikia maana hiyo. Mwaka 1972 watu wa NAACP, CORE na SCLC, mashirika ya kutetea haki za watu weusi, waliungana kupinga filamu za watu weusi za aina hii. Walisema zinamjaza Mmarekani mweusi kwenye turubai akiwa kuwadi, jambazi au muuza unga, huku faida kubwa ikienda kwa wazungu. Hayo ni mashirika yaliyopigania haki ya kura, na sikubaliani na wanaoyapuuza leo kama wazee wasiopenda burudani.

Upande wa pili hutetewa zaidi kwa orodha ya majina. Roger Corman, mtengenezaji wa filamu za aina hii, aliwapa nafasi za mapema waongozaji Coppola, Scorsese na Demme, basi tumshukuru. Ni kweli aliwapa, lakini hoja hiyo hainigusi sana, kwa sababu inazifanya filamu hizi kuwa chekechea ya wanaume waliokuja kuwa wakubwa. Kwangu Pam Grier ni hoja nzito zaidi. Alianza kwenye American International Pictures akipokea simu, akaishia kubeba filamu nzima peke yake, jambo ambalo studio kubwa zilimpa mwanamke mweusi mara chache mno.

Nzito kuliko zote ni Night of the Living Dead ya George Romero, iliyotoka Oktoba 1968, miezi michache baada ya Martin Luther King kuuawa. Iligharimu kama dola 114,000. Duane Jones, mtu mweusi, anawaongoza wazungu waliojificha ndani ya nyumba iliyozingirwa na wafu waliofufuka, na ni yeye peke yake anayefika alfajiri. Anasikia milio ya bunduki, anasogea dirishani kuchungulia, na mgambo mzungu anamlenga kichwani akidhani naye ni mfu. Kisha zinafuata picha mgando zenye chengachenga, kama za gazetini: wanaume na kulabu za nyama, mwili unabebwa kwenda kuchomwa. Hakuna muziki wa kufariji. Sidhani kama studio kubwa ya wakati ule ingeuacha mwisho huo upite.

Turubai la draivu-in lilikuwa na shida nyingine, kwamba hata mpita njia alilipata bure. Jiji la Jacksonville, Florida, lilipiga marufuku kuonyesha utupu kwenye turubai linaloonekana kutoka barabarani. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta sheria hiyo. Majaji walisema ni pana mno, ingezuia hata makalio ya mtoto mchanga, na asiyetaka kuona ageuze macho. Nadhani waliamua sawa. Ila ushauri wa kugeuza macho unamfaa aliye barabarani; waliochaniwa magauni mbele ya kamera haukuwasaidia chochote.

Kwa hiyo nawapinga wanaotaka vipande hivyo vikatwe, na nawapinga pia wanaoviita ukombozi mtupu. Ningepewa turubai na kiwanja kwa usiku mmoja, ningeanza na Night of the Living Dead, nimalizie na Coffy, bila kukata kitu. Katikati ningeacha mapumziko marefu kuliko ya kawaida, milango ya magari ikiwa wazi, watu wazungumze.